Nitwishe, Mwenzangu

Juu ya jiwe kubwa, pale njia ya miguu inaposhuka kutoka milimani na kuungana na lami ya mji wa Morogoro, kuna ngata imeachwa. Ni ya majani makavu ya mgomba, imezungushwa na kufungwa kwa ukambaa wa mgomba huohuo, na upande mmoja umelalia kuliko mwingine, maana kila kichwa kina mwelekeo wake. Mwenye ngata amekwisha ingia mjini. Labda ameshika njia ya Soko Kuu la Chifu Kingalu, labda ya Mawenzi, na mkungu wake wa ndizi au tenga lake la magimbi sasa liko chini, mbele ya mnunuzi anayebonyezabonyeza huku akitaja bei ya kukatisha tamaa. Ngata ya namna hii haitunzwi. Jioni mwenyewe atapanda na kilo ya sukari, kipande cha sabuni na chumvi kwenye mfuko, vitu visivyohitaji ngata. Na siku ya soko ijayo majani yatakuwapo nyuma ya nyumba. Huko juu kilele cha Lupanga kimejifunika ukungu mpaka mabegani, na minara ya Bondwa haionekani kabisa.

Kitu hiki kidogo kinaeleza jambo ambalo ni rahisi kulisahau ukiwa umekaa kwenye siti. Mzigo wa kichwani, ukishazidi nguvu za mikono, mtu hajitwiki peke yake. Lazima mwenzake asimame upande wa pili, wainame wote wawili, washike, wainue hadi kifuani, wavute pumzi, kisha juu. Mmoja abaki na mzigo na mwingine abaki na mikono mitupu, akiangalia kama shingo imekaa sawa. “Nitwishe, mwenzangu.” “Haya, inua.” Anayebaki wa mwisho, asiye na wa kumtwisha, hutafuta ukingo wa shamba au jiwe la urefu wa kifua, akauegesha mzigo pale na kuingia chini yake. Ndiyo kusema safari ya sokoni, kabla ya hatua ya kwanza, huanza kwa kuombana. Hata waliokwaruzana jana kwa sababu ya mpaka wa shamba huombana alfajiri, kwa kuwa ndizi zikishaiva hazingoji mapatano. Na wakishatwishana hawaachani. Hushuka kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, njia ikiwa nyembamba, na maneno hupita kutoka mbele kwenda nyuma: nani ameposwa, nani amelazwa, mbolea imefika bei gani, mtoto wa fulani amefaulu kwenda sekondari lakini sare hana. Wakifika mjini habari za kijiji zimekwisha pangwa, na mengine yamekwisha amuliwa.

Wapo wataalamu walioipima furaha ya watu kwa saa. Mwaka 2004 Daniel Kahneman, Alan Krueger na wenzao walichapisha utafiti uliowataka wanawake 909 wa jimbo la Texas, Marekani, waieleze siku yao iliyopita kipande kwa kipande, na katika kila kipande waseme walijisikiaje. Safari ya kwenda na kurudi kazini ikaangukia mkiani, chini ya kazi yenyewe, chini ya usafi wa nyumba. Miaka minne baadaye wachumi Alois Stutzer na Bruno Frey, wakitumia takwimu za Ujerumani, wakaonyesha kwamba wanaosafiri mbali kila siku huridhika kidogo zaidi na maisha yao, na kwamba nyumba nzuri au mshahara mnono walioufuata huko mbali hauwafidii wanachopoteza njiani. Nayaamini matokeo hayo. Ila nikiyasoma nikiwa hapa chini ya milima ya Uluguru, jambo moja halinitoki: msafiri wa Texas, mara nyingi, yuko peke yake garini. Amefunga vioo, ana redio, ana kiyoyozi, na hana mtu wa kumwambia kuwa jana hakulala. Hatujui angejibu nini kama angeshuka mlima na wenzake watatu.

Miguu imezijua njia za chini ya milima hii tangu zamani. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilipita kwenye tambarare hii, ikapumzika karibu na Simbamwene, mji wenye ngome aliouanzisha Kisabengo na ambao baadaye ulitawaliwa na binti yake. Henry Stanley alipita hapo mwaka 1871. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo iliyokaribia kilo 30, bafta na shanga wakienda bara, meno ya tembo wakirudi pwani. Waliimba. Wageni wengi waliosafiri nao waliandika juu ya nyimbo hizo, na wengine wakadhani ni dalili ya moyo usio na shida. Mimi sidhani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na anayetembea nyuma na daftari huuona mwepesi mzigo wa anayetembea mbele na pembe ya ndovu. Wimbo ule ulikuwa namna ya kutwishana upya kila baada ya hatua mia, bila kusimama: mmoja anaanzisha, arobaini wanaitikia, na aliyekuwa anakaribia kuanguka anajikuta amebebwa na pumzi ya wengine hadi kambini. Si wote waliofika. Njia hiyo ina makaburi yasiyo na alama, na sitaki wimbo uyafunike.

Sitaki pia ukungu wa Lupanga uifunike shida ya leo. Ni rahisi mno kwa mtu wa mjini, mwenye viatu vizuri na chupa ya maji, kuwatazama akina mama wakishuka kwa mstari akasema tazama, wana furaha, wana umoja, wana afya. Shingo ile inauma. Magoti yale yanauma. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, na masika yanapoingia mwezi Machi udongo wa mlimani unateleza hadi mbuzi anasita. Upande wa mashariki, kule Kinole, Tegetero na Matombo, unapokea mawingu ya Bahari ya Hindi kabla ya upande wowote mwingine. Mvua inayoujaza mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam, ndiyo inayokata njia za watu wanaoishi kwenye chemchemi zake. Kuna vijiji ambavyo mama mjamzito uchungu ukimshika usiku hushushwa kwa machela, wanaume wanne mabegani, wengine wanne wakifuata ili kupokezana, na mtu mmoja mbele na tochi. Hapo mkono wa kusaidia haupungui, upo, na unafanya kazi mpaka unakufa ganzi. Lakini hakuna hata mmoja katika wale wanane ambaye, ukimwambia kuna gari, atakwambia hapana, acha tufurahie umoja wetu.

Kwa hiyo barabara itakiwe, na ije. Swali linalonishughulisha ni hili jingine: mtu anafika na nini. Tumezoea kuipima njia kwa kilomita na kwa dakika, na huo ni upimaji wa mhandisi, una mahali pake. Lakini kila jioni, katika nyumba za Kihonda, Mafiga, Bigwa na Kichangani, mlango unafunguliwa na mtu anaingia, na wale waliomo ndani, mke, mume, watoto, bibi aliyelala chumba cha uani, wanapokea kile kilichobaki cha mtu huyo baada ya njia kuchukua chake. Mtoto anayetaka kuonyesha daftari lake la hesabu hapewi baba wa asubuhi. Anapewa baba aliyesimama daladala nzima kiwiko cha mtu kikiwa ubavuni mwake, aliyegombana na konda kwa chenji, aliyepita mara mbili kituo chake kwa kuwa hakuweza kupenya hadi mlangoni. Baba yule akinyamaza tunasema ana hasira, au hana mapenzi. Mara nyingi amechoka tu. Naamini sehemu kubwa ya amani ya nyumba zetu hupatikana au hupotea kwenye vituo vya daladala, mbali na macho ya wanaohusika, na ni ajabu kwamba washenga, mashehe, wachungaji na washauri wa ndoa hawaulizi kamwe mtu anapanda magari mangapi kufika kazini.

Watoto wenyewe wana njia yao. Asubuhi simama kituo chochote chenye shule karibu utawaona wenye sare, mabegi yamewalemea, wakiangalia gari likipunguza mwendo, likawahesabu, likaondoka. Konda ana sababu: nauli ya mwanafunzi ni ndogo na siti ni ileile. Dereva ana tajiri anayengoja hesabu. Kila mtu katika mnyororo huo ana sababu inayoeleweka, na mwisho wa mnyororo yuko mtoto wa miaka minane anayejifunza, kabla ya somo la kwanza, kwamba yeye ni hasara. Nikiulizwa ni jambo gani moja katika usafiri wetu wa kila siku nitaliondoa leo kama ningeweza, ni hili. Siku nyingine hutokea mwanamke mtu mzima akamvuta mmoja wao mkono akamwambia, “Njoo mwanangu, ukae mapajani,” na konda akanyamaza, na gari likaenda. Nimeona uso wa mtoto anayepandishwa hivyo, na sijui kipimo kinachoweza kuandika alichopata.

Halafu kuna bodaboda. Zimefanya jambo ambalo hakuna serikali iliyowahi kulifanya haraka hivyo: zimeipanda milima. Palipokuwa na saa tatu za mguu, sasa kuna dakika arobaini za kushika mabega ya kijana na kufumba macho kwenye kona. Kabichi zinashuka kwa pikipiki, bati zinapanda kwa pikipiki, wagonjwa, maharusi, majeneza hata. Wakati wa masika utawaona vijana wakifunga minyororo kwenye tairi ili zishike udongo, na ukipanda nao utashangaa jinsi wanavyoijua njia kwa makalio na vifundo vya miguu, jiwe kwa jiwe. Kijana wa bodaboda ni bwana wa njia, na ubwana huo ni furaha ya kweli. Ukimkuta kijiweni asubuhi, miguu juu ya tangi, anacheka na wenzake, hutaona kitu cha kumhurumia. Ukimkuta saa mbili usiku hajafikisha hesabu ya tajiri, ni mtu mwingine. Ataendesha kwa kasi ambayo asubuhi aliiita ujinga. Haraka haraka haina baraka, analijua hilo kuliko wewe, lakini pikipiki ya mkataba haisikilizi methali.

Mji huu unajua njia inavyodai. Msamvu ni njia panda: huku Dodoma, huku Iringa, huku Dar es Salaam, na nchi nzima inapita pale ikinunua karanga na machungwa dirishani. Pale pale, 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kukinga petroli iliyokuwa ikimwagika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa, wengi wao vijana, wengi wao wa bodaboda. Yalisemwa mengi siku zile juu ya tamaa. Mimi nilifikiria lita. Mtu ambaye kila asubuhi huanza siku akidaiwa mafuta kabla hajapata abiria, akaona mafuta yanatiririka chini, atafikiri nini kabla hajafikiri? Na kabla ya hapo, mji huohuo ulimzika Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyekufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Ukamlilia Mbaraka Mwinshehe, aliyekufa kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979. Waimbaji wawili walioifanya Morogoro isikike hadi Kenya, wote wawili wakachukuliwa na barabara. Edward Sokoine, Waziri Mkuu, aliondoka Dodoma Aprili 1984, na ajali ya gari ikamkatizia safari Dakawa; chuo kikuu cha kilimo kilicho chini ya mlima kimebeba jina lake, na kila mwanafunzi anayeshuka basi akiwa na kitanda cha chuma na ndoo anashukia kwenye jina la mtu ambaye safari haikumfikisha. Ndiyo maana, huku kwetu, mtu akiingia ndani salama hatuoni ni jambo la kawaida. Tunampa pole. Pole na safari, hata kama ametoka Bigwa.

Tangu 14 Juni 2024 kuna njia nyingine. Treni ya umeme inatoka Dar es Salaam na kufika Morogoro kwa muda usiofika saa mbili, ikikimbia hadi kilomita 160 kwa saa kuelekea mji uleule ambao reli ya Wajerumani iliufikia mwaka 1907. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa Sh13,000. Nimeyasikia malalamiko kwamba ndani yake hakuna anayezungumza, kila mtu na simu yake, na kwamba basi lilikuwa na mhubiri, na muuza dawa ya meno, na ugomvi wa dirisha, na korosho. Ni kweli. Lakini nimemwona pia muuguzi aliyetoka zamu ya usiku akilala kwenye siti ile, kinywa wazi, mkoba umekumbatiwa, bila mtu wa kumsukuma wala spika ya kumpigia kelele sikioni, na nikasema kimya hiki ni haki yake. Si kila wenza ni faraja. Kubanana si kuwa pamoja. Kilichonigusa zaidi kwenye treni ni uhakika. Mwanafunzi anampigia mama yake anamwambia nitafika saa nne, na saa nne anafika, na mama hakukaa siku nzima akiitazama simu kila inapolia. Furaha ya safari, basi, inaweza kukaa kwa mtu asiyesafiri kabisa.

Hapo ndipo ninapoona ngata na treni havipingani. Vyote viwili vinampa mtu kitu cha kuegemea: ngata humwegemeza kwa mwenzake, treni kwa saa. Daladala linaloondoka likijaa halimpi hiki wala kile. Lina watu lakini kila mmoja ni kikwazo kwa mwenzake, na muda wake anao konda. Ndiyo maana linachosha kuliko umbali wake. Mtu hustahimili mlima. Asichostahimili ni kukaa stendi saa mbili gari limewashwa injini, likisogezwa mbele na kurudishwa nyuma ili abiria wadhani linaondoka, huku siku yake ikiliwa mbele ya macho yake na hakuna wa kumlalamikia. Na milima hii ina kumbukumbu ndefu ya kupangiwa na watu wasiouliza. Mwaka 1955 Waluguru waliukataa mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi mashambani, wakaukataa kwa maandamano hadi ukaachwa. Walikuwa wakulima wa miteremko tangu mababu, na aliyeleta matuta hakuwauliza wanalimaje. Anayekuja leo na barabara, au na ratiba, au na amri ya kuhamisha kijiwe cha bodaboda, angeanza kwa kuuliza watu wanatembeaje, na wakifika wanafanya nini.

Niliuliza mara moja, ndani ya gari la kwenda Nyandira, huko juu milimani, tulipokuwa tumepita Mzumbe na lami imeanza kuzoeleka. Pembeni yangu alikaa mama aliyetoka kuuza njegere na karoti, matenga matupu yamefungwa juu ya gari, pochi yake ndani ya khanga. Nikamwamkia, “Shikamoo mama.” “Marahaba mwanangu. Wa wapi wewe?” Nikamwambia. Nikamuuliza, barabara hii ikitengenezwa vizuri hadi juu, ukawa unafika mapema, muda huo utaufanyia nini? Akanitazama akidhani ninatania. “Leo ni siku ya vicoba,” akasema. “Kikao saa kumi. Ukichelewa unapigwa faini, na hela yenyewe ndiyo hii niliyotoka kuuza. Nikiwahi, nakaa mbele. Nataka kuwasikia vizuri hawa wanaoomba mkopo, wanasema watalipa kwa nini.” Akafikiri kidogo. “Halafu nataka kuoga kabla ya kikao. Hilo tu. Kukaa na watu nimeoga.” Kijana wa nyuma akadakia kwamba barabara haina kosa, kosa ni la magari kungoja yajae, dereva akajibu bila kugeuka kwamba mafuta hayalipwi na siti tupu, mzee mwenye baragashia akasema zamani kulikuwa na lori moja tu na liliondoka saa ileile kila siku, lijae lisijae, mama akamwambia mzee zamani hiyo ilikuwa na njegere chache. Wakashikana hapo, gari zima, na bado walikuwa wakibishana tulipofika Mlali.